Kama bunduki ni chache Jamaika, mbona mauaji ni mengi?

Swali: "Binti yangu wa kwanza amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha West Indies, kampasi ya Mona, jijini Kingston, na anatakiwa awe amefika kabla ya mwisho wa Agosti. Tangu habari hizo ziingie nyumbani sijalala vizuri. Shemeji yangu aliyewahi kuishi Miami anasema Jamaika kila mwanamume anatembea na mguu wa kuku kiunoni. Mwanangu wa pili, ambaye ni mtu wa takwimu, ananionyesha kwenye simu kwamba Jamaika ina bunduki zisizofika tisa kwa kila watu 100, wakati Marekani ni zaidi ya 120, kwa hiyo eti dada yake angekuwa hatarini zaidi Texas. Mimi ni mkulima Karatu, nina shotigani yenye kibali kwa ajili ya nguruwe pori, basi si mgeni wa silaha, lakini hapa nimechanganyikiwa. Ni akina nani hasa wenye bunduki huko, na ni za halali au haramu? Kama ni chache, mbona wanauana kiasi kile? Na je, binti yangu akiwa mwanafunzi anaweza kuomba leseni ya bastola ya kujilinda?"

Mzazi mwenzangu, nimefurahi kwamba umenipa pande zote mbili za mabishano ya nyumbani kwako, kwa sababu shemeji yako na mwanao wote wameshika kipande cha ukweli, kisha kila mmoja akakivuta kuliko kinavyoweza kuvutika. Hofu yako naielewa hivi: hutaki kumzuia binti kwa sababu ya porojo, wala hutaki kumruhusu kwa sababu ya tarakimu moja iliyookotwa kwenye simu. Nitakujibu kwa kirefu, nikianza na tarakimu yenyewe, maana ndiyo inayopotosha watu wengi zaidi, wakiwemo waandishi wa habari.

Tarakimu ya mwanao ni ya kweli kwa maana ya kwamba ipo na ina chanzo cha kuheshimika. Taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey iliyoko Geneva ilitoa mwaka 2018 makadirio ya silaha zilizokuwa mikononi mwa raia duniani hadi mwisho wa 2017. Kwa Jamaika, yenye watu takriban milioni 2.8, ilikadiria bunduki 246,000, yaani 8.8 kwa kila watu 100. Dunia nzima ilikadiriwa kuwa na bunduki milioni 857 za raia, ambazo ukizigawa kwa watu wote unapata kama 11 kwa kila 100. Maana yake ni kwamba Jamaika iko chini kidogo ya wastani wa dunia. Jirani yake Jamhuri ya Dominika iliwekwa kwenye 7.4, Trinidad na Tobago 3.2, na Haiti 2.6. Kenya ilikadiriwa 1.5, na kwetu Tanzania haikufika hata moja. Kwa hiyo macho yako ya Karatu yataona Jamaika imejaa silaha, na macho ya shemeji yako, yaliyozoea Florida, yalipaswa kuona kisiwa chenye bunduki chache.

Sasa zingatia neno "makadirio". Hakuna mtu aliyepita nyumba kwa nyumba akihesabu. Watafiti huchukua idadi ya silaha zilizosajiliwa, wakaongeza matokeo ya tafiti za kaya pale zilipofanyika, wakauliza wataalamu wa nchi husika, na palipokosekana vyote hivyo wakalinganisha na nchi inayofanana. Na maneno "mikononi mwa raia" hayana maana ya kumiliki kihalali. Yanamhusu kila asiye askari wala polisi: wewe na shotigani yako, kampuni ya ulinzi na ghala lake, na kijana wa genge aliyefukia bastola yake chini ya banda la kuku. Wote wamo ndani ya 8.8 ile ile. Kwa Jamaika, silaha zenye leseni ni makumi ya maelfu tu. Sehemu kubwa ya zile 246,000 ni zile zisizo na karatasi yoyote. Hapo ndipo mwanao alipoteleza. Alisoma wastani kana kwamba ni mgao, kama vile bunduki tisa zimegawiwa sawasawa katika kila kundi la watu 100 kisiwa kizima.

Jaribu kufikiri kijiji cha watu 100 chenye bunduki tisa. Mbili ni za kampuni ya ulinzi, hulala kabatini usiku. Mbili ni za mfanyabiashara mmoja anayependa pia kulenga shabaha. Nne zimo mikononi mwa vijana watano wanaozipokezana, na ya tisa haijulikani iko wapi tangu mwenyewe alipofariki. Watu zaidi ya 90 wa kijiji hicho hawajawahi hata kuigusa bunduki, lakini usingizi wao unategemea wale vijana watano. Mfano ni wangu, si takwimu, ila sura ya kisiwa inakaribia hivyo.

Nianze na wenye leseni, kwa kuwa ndio unaofanana nao. Kwa miaka mingi vibali vilitolewa na wakuu wa polisi wa maeneo, utaratibu uliolalamikiwa sana kwa upendeleo na rushwa. Bunge likarekebisha sheria mwaka 2005 na kuunda Mamlaka ya Leseni za Silaha, ambayo ndiyo inayopokea maombi hadi leo. Mwombaji hupigwa alama za vidole, huchunguzwa mwenendo, hupimwa kama anajua kushika silaha kwa usalama, na lazima aeleze sababu yenye uzito. Silaha anayopewa hufyatuliwa kwanza kwa majaribio ili alama inazoacha kwenye risasi na ganda zihifadhiwe, na siku risasi ikiokotwa mahali pa tukio zilinganishwe. Mamlaka hiyo nayo haikukosa doa: mwaka 2017 yaliibuka madai kwamba watu wenye mwenendo wa kutiliwa shaka walikuwa wamepewa leseni, na bodi yake ikang'oka. Hata hivyo kwa ujumla mtu mwenye leseni Jamaika ni mtu mwenye kitu cha kupoteza: mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mkulima mkubwa, mwanasheria, mwenye kituo cha mafuta, na walinzi wa kampuni binafsi ambao utawaona kwenye milango ya benki na maduka makubwa wakiwa na shotigani kifuani.

Nilipokuwa Kingston kwa utafiti, nilialikwa chakula cha jioni na mfanyabiashara mmoja wa aina hiyo. Alitukaribisha, akaingia chumbani, tukasikia sanduku la chuma likifungwa, kisha akarudi akiwa amechomoa shati na kulegeza mkanda. Mkewe akanieleza kwa sauti ya chini kwamba hivyo ndivyo mume wake anavyofika nyumbani: mwili wake hauwi umefika mpaka kile kitu kitoke kiunoni. Mtu huyo alikuwa ameshaporwa mara mbili kabla ya kupata leseni, na tangu aipate anakwepa baa, anakwepa foleni, na anaegesha gari likiwa limeelekea barabarani. Nakueleza haya kwa sababu shemeji yako huenda aliwaona watu wa namna hiyo na akadhani ni kila mtu. Si kila mtu. Katika mabasi, masokoni na makanisani ya Jamaika, mtu wa kawaida hana bunduki na hajui angeinunua wapi.

Tuje kwa zile zisizo na karatasi, maana ndizo zinazoua. Jamaika haina kiwanda cha bunduki. Zipo chache za kienyeji zinazochongwa gereji, kama magobore yetu, lakini silaha zinazookotwa na polisi ni za viwandani, na nyingi zimepita Marekani. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza mwaka 2024 kwamba kati ya silaha zilizokamatwa katika nchi za Karibea na kupelekwa kufuatiliwa asili yake kati ya 2018 na 2022, asilimia 73 zilitokea Marekani. Njia yake ni rahisi kuliko unavyodhani. Mtu mwenye rekodi safi anaingia duka la silaha Florida au Georgia, ananunua bastola kwa jina lake, kisha anamkabidhi aliyempa pesa. Bastola inafunguliwa vipande, inafichwa ndani ya mashine ya kufulia, friji, au pipa.

Pipa hilo linastahili maelezo, kwa kuwa ni kitu chenye heshima katika maisha ya Jamaika. Ndugu walioko New York, Miami, Toronto au London hununua pipa kubwa la plastiki au la bati, hulijaza mchele, sabuni, mafuta ya kupikia, viatu vya shule na nguo za Krismasi, kisha hulisafirisha kwa meli. Watoto waliolelewa na bibi huku mama yuko ughaibuni huitwa kabisa watoto wa mapipa. Pipa likifunguliwa bandarini, afisa wa forodha huchomeka fimbo ya chuma ndani ya mchele na kusikiliza kama itagota kitu. Fikiria maelfu ya mapipa yanayoingia kila mwaka, mengi ya akina mama wasio na hatia wanaosubiri juani na risiti mkononi, na bastola moja iliyofungwa kwa karatasi ya kaboni katikati ya pakiti za tambi. Kukagua kila pipa hadi chini ni kusimamisha bandari. Kutokagua ni kuacha mlango wazi. Mashine za eksirei zimesaidia, lakini mashine inaangaliwa na mtu, na mtu anaweza kununuliwa.

Njia ya pili ni ya baharini kutoka Haiti. Boti ndogo za uvuvi huondoka pwani ya Jamaika zikiwa na bangi na kurudi na bunduki. Biashara hiyo ya kubadilishana ni ya miaka mingi, na hali ya Haiti ya sasa, ambayo wasomaji wa Kenya wanaijua kwa sababu askari wao walianza kupelekwa Port-au-Prince Juni 2024, haijaipunguza. Njia ya tatu ni aibu ya ndani: silaha na risasi zinazovuja kutoka kwa wenye dhamana. Mwaka 2010 iligundulika kwamba bunduki na maelfu ya risasi zilikuwa zimeibwa kutoka ghala la polisi jijini Kingston, na askari akafikishwa mahakamani.

Sasa swali lako gumu: kama ni chache, mbona wanauana? Jibu fupi ni kwamba bunduki haiui kwa wingi wake bali kwa mzunguko wake. Bunduki yako ya Karatu inakaa kabatini miezi mingi. Bastola ya genge la Kingston au Montego Bay haikai. Hukodishwa, huazimwa, huwekwa rehani, hubadilishana mikono kati ya mtaa na mtaa. Ndiyo maana polisi wakiokota bastola moja na kuipima, mara nyingine hukuta imehusika katika matukio kadhaa ya mauaji yaliyofanywa na watu tofauti. Bunduki elfu chache za namna hiyo, zikiwa na risasi za kutosha, zinaweza kuzalisha maiti nyingi kuliko mamilioni yaliyofungiwa makabatini.

Linganisha na Marekani ambayo mwanao ameitaja. Kule bunduki ni 120 kwa kila watu 100, lakini takriban thuluthi moja tu ya watu wazima ndio wanaosema wanamiliki. Miongoni mwao wapo wenye kumi, wapo wenye ishirini. Na zaidi ya nusu ya vifo vya risasi vya Marekani katika miaka ya karibuni ni vya watu waliojiua. Kiwango cha mauaji cha Marekani mwaka 2022 kilikuwa kama sita hadi saba kwa kila watu 100,000. Jamaika mwaka huo huo kilipita 50. Ukitumia hesabu ya mwanao, Jamaika ingepaswa kuwa na amani mara kumi na tatu ya Marekani. Hesabu hiyo haikosei kujumlisha. Inakosea kudhani kwamba wingi wa bunduki na wingi wa mauaji ni kitu kimoja.

Kwa nini basi mzunguko huo uwe Jamaika na si mahali pengine? Hapa kuna historia, na inauma. Katika miaka ya 1960 na 1970 vyama viwili vikubwa, JLP na PNP, vilijenga mitaa ya makazi ya umma magharibi na kusini mwa Kingston na kuigawa kwa wafuasi wao. Mitaa hiyo ikaja kuitwa garrison, yaani kambi, ambako kura zote zilikwenda upande mmoja na vijana wakapewa silaha kuilinda. Uchaguzi wa 1980 ulikuwa kilele: mwaka huo watu zaidi ya 800 waliuawa. Baadaye fedha za kokeini ziliwafanya wakubwa wa mitaa wasihitaji tena mfuko wa mwanasiasa, bali mwanasiasa ndiye akawahitaji wao. Mei 2010 serikali ilipoingia mtaa wa Tivoli Gardens, Kingston, kumkamata mkubwa wake Christopher Coke, aliyekuwa akitakiwa Marekani, raia wasiopungua 69 walikufa ndani ya siku chache. Upande wa magharibi mwa kisiwa, hasa Montego Bay na parokia ya St. James (kwao parokia ni kama mkoa kwetu), fedha mpya ziliingia kupitia utapeli wa bahati nasibu, ambapo wazee wa Marekani hupigiwa simu na kuambiwa wameshinda zawadi wanayopaswa kuilipia ada. Fedha hizo zilinunua magari, nyumba, na bunduki. Ongeza juu yake kesi nyingi za mauaji zisizopata mashahidi kwa hofu, na kijana aliyefiwa na kaka yake huona afadhali kisasi kuliko mahakama.

Wengi hudhani kwamba chanzo ni sheria legelege. La hasha. Jamaika ni moja ya nchi zenye sheria kali za silaha katika eneo lake. Mwaka 1974 serikali ya Michael Manley ilianzisha Mahakama ya Bunduki, ikajenga boma lake katika barabara ya South Camp, Kingston, likapakwa rangi nyekundu na kuzungushiwa seng'enge ili apitaye aogope. Aliyekutwa na silaha isiyo na leseni alifungwa bila kikomo mpaka bodi iamue vinginevyo. Desemba 1975 Baraza la Faragha la London, ambalo ndilo mahakama ya mwisho ya Jamaika, lilisema kifungo cha namna hiyo kinavunja katiba, kwa kuwa adhabu hupangwa na hakimu, si bodi. Bunge likabadilisha adhabu, lakini mahakama ikabaki, na ipo hadi leo. Kisha sheria mpya ya silaha ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2022 badala ya ile ya 1967: anayekutwa na hatia ya kumiliki silaha iliyopigwa marufuku anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 15, na makosa mengine yanafikia kifungo cha maisha. Kabla ya kuikaza, watu walipewa majuma mawili ya msamaha kuzisalimisha. Maoni yangu, na wapo wenzangu wasiokubaliana nami, ni kwamba adhabu hizo zinambana anayebeba bunduki mtaani bila kumgusa anayeinunua dukani Florida, na ndiyo maana kwa karibu miaka hamsini zilishindwa kushusha mauaji kwa namna ya kudumu.

Lakini nisiwe mbeba habari mbaya tu, kwa sababu picha ya shemeji yako imeshapitwa na wakati. Mauaji yaliyokuwa takriban 1,500 mwaka 2022 yalishuka hadi takriban 1,140 mwaka 2024, na 2025 yakawa chini ya 700, kiwango ambacho kisiwa hakikuwa kimekiona kwa miongo mitatu. Polisi wanasifu ujasusi, kukamatwa kwa vinara wa magenge na silaha nyingi zilizonaswa. Watetezi wa haki wanakumbusha upande wa pili: tume huru inayochunguza askari, INDECOM, ilihesabu watu 189 waliouawa kwa risasi za vyombo vya usalama mwaka 2024, na idadi ikapanda zaidi mwaka uliofuata. Nafuu ipo, na gharama yake bado inahesabiwa.

Sasa binti yako. Mauaji ya Jamaika hayakusambaa kisiwa kizima kama mvua. Yamejikusanya katika mitaa fulani, na wengi wanaouawa ni vijana wa kiume wanaofahamiana na wauaji wao au wanaohusishwa na mtaa wa maadui. Mona ni bonde la kijani chini ya milima, lenye kampasi kubwa, hospitali ya chuo, walinzi na mageti. Nyuma ya kampasi kuna mtaa wa August Town, uliokuwa na sifa mbaya kwa miaka mingi. Wakazi, makanisa, polisi na chuo chenyewe waliketi na magenge, mkataba wa amani ukatiwa saini mwaka 2008, na mwaka 2016 ukapita August Town bila mauaji hata moja. Haikudumu hivyo kila mwaka, na sitakuficha kwamba wapo wanafunzi wanaopanga vyumba huko kwa sababu kodi ni nafuu. Ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza akae hosteli za ndani ya kampasi hata kama ni ghali zaidi, ajifunze kutoka kwa wenyeji ni njia gani hupitwa mchana na haipitwi usiku, na atumie teksi zinazopendekezwa na chuo. Hatari yake kubwa ya kila siku, nikisema kweli, itakuwa kuporwa simu, na simu akitakiwa aitoe.

Kuhusu leseni ya bastola, nakujibu bila kuzunguka: asiifikirie. Kwanza katiba ya Jamaika haimpi mtu yeyote haki ya kumiliki silaha. Leseni ni ruhusa inayotolewa kwa mwenye sababu, na kuwa mwanafunzi mwenye wasiwasi si sababu ya kumshawishi mtu mezani. Pili, hata kama ingewezekana, mahali pa kuiweka ni wapi? Chumba cha hosteli cha watu wawili? Tafiti nyingi zilizofanywa Marekani zimeonyesha kwamba bunduki ikiingia nyumbani, uwezekano wa mtu wa nyumba hiyo kufa kwa risasi huongezeka, kwa kuuawa au kwa kujiua. Na tatu, jambo ambalo wenye leseni wa Kingston wanalijua vizuri: bastola ni mali inayotafutwa. Jambazi akijua unayo, amepata sababu ya kukufuata ambayo hakuwa nayo. Wewe unayo shotigani kwa sababu nguruwe pori hawezi kukunyang'anya.

Je, aende au asiende? Siwezi kuamua kwa niaba yenu, ila ningekuwa mimi, ningepima hivi. Kama ana nafasi nyingine ya kozi ile ile mahali penye utulivu zaidi kwa gharama ile ile, si dhambi kuichagua. Kama Mona ndiyo nafasi bora, na hosteli imethibitishwa kwa maandishi, sioni kwamba hesabu za bunduki peke yake zinatosha kumzuia. Kikwazo kikubwa zaidi ningekiona pale ambapo binti mwenyewe ana hofu inayomnyima usingizi kuliko wewe, kwa maana mtu anayeishi mji mgeni akiwa na hofu ya namna hiyo hasomi.

Yako mambo ambayo barua kama hii haiwezi kuyatatua, na hapo muone mtu ana kwa ana. Kabla ya safari, aandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na kitengo cha ulinzi cha kampasi, aombe kuzungumza kwa video na mwanafunzi anayetoka Afrika Mashariki au popote Afrika; majibu ya mtu aliyeko huko yana uzito kuliko yangu. Akifika, ajiandikishe kwenye ubalozi unaoshughulikia raia wetu katika eneo hilo. Akishuhudia tukio la risasi, hata kama hakuguswa, aende kituo cha afya cha chuo akamwone mshauri nasaha ndani ya siku chache, asingoje ndoto mbaya zimzoee. Akitishiwa na mtu, asijibu kwa simu wala mtandaoni. Apige 119, ambayo ni namba ya polisi, na 110 kwa gari la wagonjwa. Na akihojiwa na polisi kwa jambo lolote linalohusu silaha, asisaini chochote kabla ya kumwona wakili.

Hilo la mwisho linanirudisha kwako, na pengine ni la muhimu kuliko yote kwa kuwa wewe ni mmiliki halali. Sheria ya Jamaika haitofautishi sana kati ya bunduki na risasi moja iliyosahaulika. Serikali ya Marekani huwaonya raia wake waziwazi kwamba hata risasi moja iliyopotea ndani ya begi inaweza kumweka msafiri mahabusu huko, na wapo watalii waliokamatwa wakiapa kwamba hawakujua. Kibali chako cha Tanzania, kilichotolewa chini ya sheria yetu ya 2015, hakina maana yoyote uwanja wa ndege wa Kingston. Kwa hiyo kama binti atasafiri na begi ulilowahi kwenda nalo shambani, au koti lako la baridi, lipeleke nje siku ya jua, fungua kila mfuko na kila zipu, ligeuze ndani nje, ulikung'ute juu ya shuka jeupe. Ukiona hata ganda tupu la risasi limeanguka, mnunulie begi jipya.